Nani Ameandika Njia za Vilima vya Ngara?

Anayetafuta mlima wa chokaa uliosimama peke yake, wenye mapango na njia za kupandia kwa kamba, Ngara si mahali pake. Mapango ya chokaa yako Tanga, kule Amboni, ambako maji yamekuwa yakila chokaa tangu enzi na enzi. Huku kwetu, ukishapita Lusahunga kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, jiwe linalobeba vilima ni kwatsaiti: mchanga wa kale uliobanwa na kupata joto ardhini hadi chembe zake zikashikana zikawa kitu kimoja. Okota kipande kilichomeguka kando ya barabara, ukidondoshee ndimu. Chokaa ingetoa vipovu, hiki hakibadiliki. Kikwaruze kwa kisu, na chuma cha kisu ndicho kitakachobaki juu ya jiwe.

Ugumu huo ndio uliochora nchi yenyewe. Wanajiolojia huuita ukanda huu Karagwe-Ankole. Unapita Kagera, Rwanda, Burundi na kusini-magharibi mwa Uganda, na miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Matabaka yalikunjwa na kuinamishwa. Yale laini yakamomonyoka yakawa mabonde, leo yana mafunjo chini na migomba pembeni. Kwatsaiti ikabaki juu, migongo mirefu inayofuatana. Kwa kuwa matabaka yameinama, mgongo wa namna hii huwa na upande mmoja wa kupanda polepole na mwingine uliokatika ghafla. Mchungaji hahitaji somo la jiolojia kulijua hilo. Ng'ombe wake huvuka pale mgongo ulipovunjika, na mgeni mwenye haraka ndiye anayekwenda kuhangaika kwenye majabali.

Basi mbona njia hizo hazijaandikwa? Jibu langu ni kwamba karibu kila aliyeandika kuhusu Ngara na Biharamulo alikuwa anapita au anachimba. Mpelelezi Mwingereza Speke alipita 1861 akielekea Karagwe, na kilichomkera zaidi kilikuwa hongo aliyotozwa na Suwarora, mtawala wa Usui. Mjerumani von Götzen alivuka mto Kagera pale Rusumo mwaka 1894, macho yake yakiwa Rwanda. Wajerumani wakajenga boma Biharamulo. Kwao kilima kilikuwa mahali pa kuona mbali. Hata sisi wa magazeti hatukuwa bora. Mwisho wa Aprili 1994, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilipokadiria kwamba watu robo milioni kutoka Rwanda wamevuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, dunia nzima ilijifunza jina la kambi ya Benaco, ambalo kwa asili ni la kampuni ya ujenzi. Picha zilijaa maturubai ya bluu. Vilima vilivyokuwa nyuma ya maturubai hayo, vikikatwa miti kwa ajili ya kuni, havikutajwa majina.

Kisha kuna nikeli. Hazina ya Kabanga imejulikana tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba unaoipa asilimia 16 ya hisa. Sina ugomvi na mgodi, nikeli inaweza kuijengea wilaya shule. Ninacholalamikia ni kwamba tuna ramani nzuri za vilivyo chini ya vilima kuliko za vijia vilivyo juu yake. Mashimo ya utafiti yana namba na vipimo. Njia aliyoipita bibi wa Kihangaza kwenda sokoni miaka hamsini haina hata mstari.

Ataniambia mtu kwamba hapa hakuna theluji wala fedha za watalii kama Kilimanjaro. Ni kweli. Lakini tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba zipatazo 4,700, na misitu ya Biharamulo ambamo zamani mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki sasa inataka wageni. Mgeni huyo ataelekezwa na nani, na kwa maandishi gani?

Toleo hili la njia za vilima ni mwanzo tu, nalo lina mapengo. Tunawaomba walimu, wachungaji, wanafunzi na madereva wa bodaboda wa Ngara na Biharamulo watuletee njia wanazozijua: jina la kilima kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, mahali pa kuanzia, upande wa kupandia, maji yalipo, na shamba la nani litakalovukwa, ili mwenyewe aombwe ruhusa kwanza. Ndani ya hifadhi msiingie bila kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na karibu na mpaka tembeeni na vitambulisho. Mwandiko wa mkono unakubalika. Michoro pia.