Ndugu wa Mgonjwa, Msituombe Kuongeza Upepo

Kwa miaka yangu wodini, ombi nililolisikia mara nyingi kuliko yote mbele ya mashine ya kupumulia ni hili: "Mama, mwongezee upepo." Nimeombwa na waume, na mama wakwe, hata na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa tayari kukizungusha kitufe mwenyewe. Siwalaumu. Mgonjwa amelala na mpira kooni, kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu ya chombo, na anayempenda haoni la kufanya isipokuwa pumzi izidi. Lakini mara nyingi tunakataa, na sababu yake yafaa ijulikane nyumbani kabla siku ya namna hiyo haijafika.

Tunapopumua wenyewe hatusukumi hewa iingie. Kiwambo, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, mbavu hupanuka, na kifua huvuta hewa kama mtoto avutavyo soda kwa mrija. Mvuto huohuo husaidia damu ya miguuni na tumboni kurudi moyoni. Mashine hufanya kinyume. Inasukuma, na kila kilichomo kifuani kinabanwa: mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni, na ile midogo sana iliyo ndani ya mapafu yenyewe.

Hiyo midogo ndiyo inayosahauliwa. Mapafu yana mamilioni ya vifuko vya hewa, na katika kuta kati ya kifuko na kifuko hupita mishipa myembamba kuliko unywele. Weka maputo mawili ndani ya kikapu kidogo, pitisha mrija laini katikati, kisha yapulize. Yakijaa sana, mrija unabanwa na maji hayapiti. Tena damu ya mapafuni haina nguvu ya kushindana. Wastani wa presha ya damu iendayo mwilini kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 90 za zebaki, lakini katika mshipa unaopeleka damu mapafuni ni kama 15 tu. Upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaoisukuma damu hiyo, una ukuta mwembamba. Njia ikibanwa mbele yake, unatanuka na kuchoka, na upande wa kushoto unakosa damu ya kupeleka mwilini. Hapo hewa ipo tele mapafuni, ila damu ya kuibeba haipiti.

Niliona hivyo kwa mama mmoja aliyetoka kujifungua akiwa amepoteza damu nyingi. Presha yake ya juu ilikuwa 90 alipowekwa mpira; dakika chache baada ya kuunganishwa na mashine ikawa 60. Mume wake alisimama mlangoni: "Shikamoo mama, nakuomba, upepo hautoshi." Daktari akapunguza msukumo, akaagiza dripu iende kasi na damu iletwe. Yule kijana aliamini tumemkatia tamaa mkewe. Presha ilipanda taratibu, na kabla chupa ya damu haijaisha mikono yake ilikuwa imeanza kupata joto. Tulipaswa kumweleza mumewe mapema, si baada ya yote. Kosa hilo lilikuwa letu, nami nilikuwamo.

Kwa mgonjwa wa pumu kali mambo hutisha zaidi. Hewa inaingia lakini haiwahi kutoka yote, pumzi inayofuata inarundikana juu ya iliyobaki, na presha inaanguka. Mara nyingine dawa ya haraka ni kuutenga mpira na mashine kwa muda mfupi ili hewa itoke. Nimewahi kupigiwa kelele kwamba naua mtu, kumbe nilikuwa namwachia apumue nje.

Msidhani basi kwamba msukumo mdogo ndio mzuri siku zote. Vifuko vikisinyaa na kukosa oksijeni, mishipa ya mapafu hujibana yenyewe, na moyo wa kulia unapata mzigo uleule kwa njia nyingine. Ndiyo sababu tunaacha msukumo kidogo hata mwisho wa pumzi, mara nyingi tukianzia sentimita 5 za maji. Msukumo ni dawa, nayo ina dozi.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1948 André Cournand na wenzake, huko New York, waliwapima watu na kuonyesha kwamba msukumo wa hewa kifuani unaweza kupunguza damu inayotolewa na moyo. Mwaka 2000 ulitolewa utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya. Waliopewa pumzi kubwa walikufa karibu 40 katika kila 100. Waliopewa pumzi ndogo, 31. Na siku za mwanzo, waliopewa pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi katika damu! Nawakumbuka ndugu wote ambao hukodolea macho namba ya kile kifaa cha kidoleni.

Sasa niseme lililo moyoni. Mfadhili akituuliza tunahitaji nini, tunakimbilia kusema mashine, nayo ikifika tunapiga picha. Usiku, wodi ile ile ina muuguzi mmoja na vitanda thelathini. Ni nani atakayeona presha imeshuka saa nane ya usiku? Mimi naona kamati za hospitali ziombe kwanza mafunzo ya wauguzi, watu wa kutosha wa zamu, vipimo vya presha na oksijeni ya uhakika, ndipo mashine ya pili ifuate. Najua wapo wenzangu watakaosema nawafukuza wafadhili.

Nanyi mliokaa kwenye benchi nje, mkituuliza habari za mgonjwa, tuulizeni presha yake ikoje, na kama mkojo unatoka. Muuguzi aliyekaa karibu na mgonjwa wenu atakuwa na jibu mkononi. Asipokuwa nalo, msiondoke mlangoni mpaka amekwenda kupima.