Tusimnyime Mgonjwa Dawa ya Maumivu

 

Katika kuwazuru wagonjwa hapa mkoani Singida, mjini na katika vijiji vya Ikungi na Mkalama, tumekuta jambo moja likijirudia, nalo ndilo lililotulazimu kuandika tahariri ya mwezi huu. Mgonjwa wa saratani amerudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya maji aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya maumivu. Jamaa zake wameambiwa na mtu, mara nyingi mtu mwema anayeheshimiwa mtaani, kuwa dawa ile ni ya kulevya. Basi chupa imefichwa, na mgonjwa anapewa Panadol. Usiku analia mpaka majirani wanasikia, na wanaomuuguza wanamwambia astahimili kwa kuwa subira ni ibada.

Dawa hiyo ni mofini. Hatutaki kuficha asili yake: hutokana na afyuni, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita kasumba, na ni jamaa ya karibu ya heroini iliyowaangamiza vijana wengi wa Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam. Kwa hiyo hofu ya Waislamu haina ubaya katika msingi wake. Ubaya umeingia pale hofu hiyo ilipotolewa kijiweni ikapelekwa kitandani pa mgonjwa, bila kuulizwa wanazuoni wala madaktari.

Tuanze na hukumu. Wapo wanaotoa hoja ya hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kuhusu swahaba aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kutengeneza khamri kwa ajili ya dawa, naye akakatazwa. Hadithi hiyo ni sahihi na tunaishika. Lakini mafakihi hawakuvifanya vitu vikavu vinavyoondoa akili, kama afyuni, kuwa sawa na khamri katika kila hukumu. Imam an-Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 7 Hijria ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu nyingi, alizungumzia mtu ambaye mkono wake umeliwa na ugonjwa na hauna budi kukatwa: je, apewe kitu cha kumwondolea akili wakati wa kukatwa? Kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Ikiwa inajuzu kuiondoa akili yote kwa muda wa upasuaji, seuze dawa ambayo kwa kipimo chake inakusudiwa kuondoa maumivu, si akili? Aidha, aya ya 119 ya Suratul An'aam imewavua wenye dharura katika yale yaliyoharamishwa. Kisha mafakihi wakaweka sharti, nalo tunaomba msomaji alishike mpaka mwisho wa maneno haya: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kipimo kilichoandikwa ndicho kilichoruhusiwa, na kinachozidi hapo kinarudi katika hukumu yake ya asili.

Hata hivyo, hoja inayoifungia chupa kabatini hasa ni nyingine, na hutajwa kwa sauti ya chini: kwamba mgonjwa akipewa mofini atakufa amelewa, bila kutamka shahada, au kwamba dawa yenyewe itamharakishia mauti. Hapa ndugu zetu wameyapindua mambo. Mgonjwa ambaye saratani imefika mfupani hawezi kutulia akasali, hawezi kusikiliza Qur'ani, hawezi kuwaita wanawe akawaambia nani anamdai na nani anadaiwa naye. Maumivu ndiyo yaliyomnyang'anya ulimi. Akipewa kipimo sahihi, usingizi humzidi siku mbili tatu za mwanzo, na sehemu ya usingizi huo ni fidia ya usiku mwingi aliokesha. Baada ya hapo wagonjwa wengi akili hurejea, wakazungumza, wakausia, wakasali kwa kukaa au kwa kulala kadiri ya uwezo wao. Dawa inayotolewa kwa kipimo na kupandishwa polepole chini ya uangalizi haimuui mgonjwa. Kinachomuua ni maradhi. Ama yule anayemzidishia kwa makusudi ili "apumzike", huyo ameua nafsi, hata kama moyo wake umejaa huruma, na hatujui mwanachuoni wa kutegemewa atakayemhalalishia.

Na tusichanganye mteja wa unga na mgonjwa. Mwili wa mgonjwa huizoea mofini, na ndiyo maana isikatishwe ghafla bila daktari. Lakini kuzoea huko si ule uraibu wa kumfanya mtu auze bati za nyumba yake.

Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini katika orodha yake ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikichanganya unga wa mofini na maji kuwa dawa ya kunywa, na hospitali za mikoani zimekuwa zikiipata huko. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haikuufunga mlango wa tiba. Wenzetu wa Uganda wametutangulia: Hospice Africa ilianzishwa Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi ile ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika mofini, ikafika vijijini ambako daktari hafiki. Kutoka Ocean Road hadi Singida ni takriban kilomita 700. Chupa iliyosafiri njia hiyo inamwagwa shimoni kwa neno la mtu ambaye hakuisoma hata lebo yake.

Sasa matumizi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hutolewa kwa saa, na haingojewi mpaka mgonjwa alie. Familia nyingine huifungamanisha na sala tano. Nia ni njema, ila baina ya Isha na Alfajiri nafasi ni ndefu mno, na baina ya Magharibi na Isha ni fupi mno. Tumieni saa ya ukutani, na kipimo cha kulalia kiwe kama daktari alivyoandika. Ukisahau, mpe unapokumbuka, wala usijumlishe vipimo viwili.

Kipimo kichukuliwe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, au kikombe chenye alama. Kijiko cha chai cha nyumbani hakifai, maana vijiko havilingani. Zaidi ya hayo, zipo chupa zenye nguvu mara kumi ya nyingine ilhali ujazo ni ule ule; ikija chupa mpya, muulizeni mfamasia kabla ya kuifungua. Choo kigumu humpata karibu kila anayeitumia, na hakiondoki kwa kuzoea, basi dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Kichefuchefu kwa kawaida hupita. Mwenye maradhi ya figo lazima daktari ajue. Asali na habasoda havikatazwi, ila visichukue nafasi ya dawa. Na dawa za usingizi zisiongezwe kabisa bila ya daktari, kwani zikikutana na mofini huzuia pumzi.

Mkimwona mgonjwa haamshiki, anavuta pumzi chache na nzito, na mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta, msimpe tone jingine. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi.

Mwezi wa Ramadhani mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya kula, na asiye na tarajio la kupona hutolewa fidya. Kumfungisha ili asile wala asinywe dawa ni kumkalifisha asichokalifishwa.

Dawa hii ni ya aliyeandikiwa peke yake. Jirani mwenye mgongo asionjeshwe, na chupa ikae kwenye kufuli, kwa kuwa funda moja la mtoto laweza kuwa la mwisho. Vilevile tunawaonya vijana wanaonunua vidonge vya tramadoli bila cheti ili wakeshe barabarani au wabebe mizigo: navyo ni jamaa ya afyuni, huleta uteja, na vikizidi huleta kifafa. Wao hawana dharura wala kipimo, na maneno tuliyoyaandika juu ya mgonjwa wasiyafanye kinga yao.

Kuna jambo la baada ya mazishi ambalo husahauliwa. Katika kukusanya vitu vya marehemu, chupa hukutwa chini ya kitanda ikiwa na nusu. Hiyo haigawiwi pamoja na kanzu na redio. Jamaa aliyeichukua hospitali aihesabu mbele ya shahidi, airudishe kwenye famasia ileile pamoja na kadi ya marehemu, nao waiandike katika daftari lao.