Wasomaji Wasiojibu

Mtunzi wa mashairi katika lugha yetu hajapata kukosa wa kumjibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu kwa mambo ya vita na utawala, wala majisifu ya upande mmoja hayakuachwa yakawa ndiyo mwisho wa maneno. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi waliulizana na kujibizana kwa vina na mizani, na aliyekosea alisutwa mbele ya kadamnasi. Hata mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani isiyofungwa na vina wala mizani, tulitoka na mikuki. Na baadhi ya wenzetu hawajairudisha ndani hadi leo.

Geuka sasa uvitazame vitabu vya nathari vinavyodai kusimulia yaliyotokea kweli: historia, mila na desturi, wasifu na tawasifu, habari za watu waliofikwa na msiba wakainuka tena. Hapo mikuki haionekani. Kitabu hutoka, husifiwa au hulaaniwa, huingizwa katika orodha ya masomo au huachwa nje, na maneno yake hukaa vile vile yalivyoandikwa, bila mtu kuyauliza yametoka wapi. Juu ya idadi ya mizani katika mshororo tumegombana miaka na miaka. Juu ya ukweli wa yale tuliyosimuliwa kuhusu babu zetu hatukugombana hata wiki moja. Nasema kwamba hii ni aibu, na ni aibu yetu sisi wa vyuo vikuu kabla haijawa ya mtu mwingine awaye yote.

Njia ya kwanza ya kukwepa kujibu tumeibuni wenyewe madarasani. Tumewafundisha wanachuo kukikabili kila kitabu kwa fani na maudhui, kana kwamba vitabu vyote vimetoka katika kiwanda kimoja. Mwanachuo akipewa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa kwa maneno yake mwenyewe, huandika kwamba Hamed ni mhusika mkuu, tena mhusika duara. Kwamba mandhari ni Unguja, Tabora na Manyema. Kwamba dhamira ni ujasiri na tamaa ya mali. Akipewa Maisha Yangu ya Shaaban Robert, huandika kwamba Amina ni mhusika msaidizi. Mke wa mtu, aliyeugua akafa akaacha watoto, amekuwa msaidizi katika hadithi! Simlaumu kijana. Nimeisoma miongozo aliyokaririshwa, na najua ni nani walioiandika. Lakini maneno hayo yana madhara yake. Aliyebuni hawezi kushtakiwa kwa uwongo, maana hakuahidi kitu. Aliyesema "nilikuwapo, nikaona" amejifunga kwa ahadi, na msomaji anayemgeuza kuwa mhusika amemfungulia kamba pasipo kumhoji neno.

Hebu tukishike kitabu hicho cha Tippu Tip, maana kinafundisha mengi kwa msomaji aliye macho. Mzee alikiandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode akakigeuza katika hati za Kirumi na kukichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, mwenyewe angali hai. Alikufa Unguja mwaka 1905. Nimewasikia wasomaji wa namna mbili wakikizungumza. Mmoja husema ni aibu kitabu cha mfanyabiashara wa watumwa kusomeshwa vijana. Wa pili hujivuna kwamba huyu alikuwa mtu wetu, aliyeijua Afrika ya kati kabla Stanley hajajifunza njia. Wote wawili hulizungumzia jina la mtu. Kitabu chake kingeweza kuwa na kurasa tupu, na ugomvi wao usingepungua chochote.

Ndani ya kurasa hizo mna habari ya Utetera. Hamed anaeleza jinsi alivyojidai kuwa na nasaba na Kasongo Rushie, mtawala wa nchi ile: kwamba bibi yake alitoka huko, akachukuliwa mateka zamani. Mtawala aliyekuwa mzee akamsadiki, akampokea kuwa ni damu yake, akamkabidhi utawala. Haya hatukuyapata kwa adui yake. Ameyatoa mwenyewe, bila soni, kama mtu anavyosimulia biashara iliyomwendea vyema. Ni jambo adimu sana katika vitabu vya maisha: msimulizi ametupa mizani ya kumpimia yeye mwenyewe. Kwa kuwa ametuonyesha jinsi nasaba yake ya kubuni ilivyosadikiwa na mwenye nchi, yatupasa kumwuliza: nasi wasomaji wako umetupa nasaba ya kubuni mahali gani? Frasila za pembe huzitaja kwa makini ya karani wa forodha. Je, waliozibeba pembe hizo hadi pwani amewahesabu namna gani? Na Brode alipoomba habari, aliomba habari zipi? Maswali ya namna hiyo ndiyo majibu ninayoyataka. Hayamsafishi Tippu Tip, wala hayamhitaji msomaji aanze kwa kumlaani.

Mfano ulio mzito zaidi ni Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichochapwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa utumwani akaokolewa, akawekwa Freretown, makazi ya misheni yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Amekusanya habari za wazee hao, akiwamo baba yake, akazisimulia kwa Kiswahili chepesi kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi. Katika masimulizi yake Mwarabu ndiye mtesi, Mwingereza ndiye mwokozi, na mwisho wa habari ni shukrani.

Kwa wasomaji wa kwanza kitabu hiki kilikuwa faraja, na si vigumu kuona sababu. Mtu aliyeitwa mtumwa, na mwana wa mtumwa, na mjukuu wa mtumwa, alipewa kitabu kinachosema kwamba wazazi wake walipita katika giza wakatoka. Wasomaji waliofuata, hasa baada ya Kenya kujitawala mwaka 1963, wakakitupa: wakasema ni sauti ya misheni, kasuku wa wakoloni. Wako na wengine wa pwani ambao hukitaja kwa hasira tu, kwa kuwa kimewatia wazee wao katika kundi moja la watesi. Faraja, dharau na hasira: hapana hata moja katika hizo iliyokijibu kitabu.

Kukijibu ni kazi nyingine kabisa, wala si ngumu kupita kiasi. Mbotela hasemi uwongo anaposema kwamba manowari za Kiingereza zilikamata majahazi na kuwaokoa watu. Zilikamata, na Freretown ilijaa watu hao. Lakini msomaji na aiweke kalenda kando ya kitabu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Uingereza ikaiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890. Amri ya kuuondolea utumwa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba haikutoka mpaka mwaka 1897, na hata hapo aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na fidia alilipwa bwana wake. Katika pwani ya Kenya, ile ile ambayo Freretown ilisimama, sheria ilingoja mpaka mwaka 1907. Na Tanganyika, waliyoitwaa Waingereza kutoka kwa Wajerumani, mpaka mwaka 1922. Basi katika Mombasa moja, kwa miaka zaidi ya kumi, bendera ya mwokozi ilipepea juu ya nchi ambamo mtu aliweza kummiliki mtu mbele ya sheria. Mnamo mwaka 1889 mabwana walilipwa fedha kwa ajili ya watoro waliokuwa wamekimbilia Rabai na misheni nyingine, kwa sababu wamisionari waliokuwa wamewapa hifadhi walikuwa wakishtakiwa kwamba wamezuia mali ya watu. Na katika miaka ya mwanzo ya 1880 msimamizi wa Freretown, Mzungu, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko wale wale waliokombolewa.

Msomaji aliyeyakusanya haya hawezi tena kushukuru kama alivyoshukuru Mbotela. Wala hawezi kukitupa kitabu. Anayekitupa anawatupa wazee wa Freretown pamoja nacho, nao walisema mambo ambayo hakuna ofisa wa manowari aliyeyajua: hofu ya mtoto aliyetenganishwa na mama yake, na majina ya watu wa nyumbani yaliyosahauliwa njiani. Ushuhuda wa aina hiyo katika Kiswahili ni mchache mno, hata hatuna ruhusa ya kuuchezea. Swali la kumwuliza Mbotela ni hili: wewe, mwana wa aliyeokolewa, uliyelelewa na kusomeshwa na waliomwokoa baba yako, na kitabu chako kikachapwa na wachapishaji wa dini wa London, ungeweza kuandika neno gani zaidi ya shukrani? Na wazee wako walipozungumza jioni bila padri kuwapo, walisema nini juu ya viboko? Swali hilo lina heshima kuliko faraja, maana linamchukulia mwandishi kuwa mtu mzima aliyeandika katika hali fulani, kwa watu fulani, kwa sababu.

Nageukia wasomaji wa faraja, kwa kuwa wameongezeka siku hizi. Hawa husoma Maisha Yangu kama dawa. Shaaban Robert alifiwa na Amina, akabaki na watoto, akahamishwa huku na huku na kazi ya serikali, akawaandikia wanawe tenzi za maadili, akaendelea kuishi. Nami nitaendelea kuishi. Hayo ni kweli, na mtu aliyefiwa akipata usingizi kwa kukisoma kitabu, mimi ni nani nimwamshe? Ila anapokuja darasani, au anapochukua kalamu kuandika juu ya kitabu, usingizi haumtoshi. Aliyefiwa katika kitabu hiki ni karani Mwafrika katika serikali ya kikoloni. Saburi anayoihubiri ni saburi ya mtu asiyeweza kumwambia mkubwa wake "sitaki." Je, saburi hiyo ilikuwa ngao yake, au ilikuwa pia pazia? Na Amina mwenyewe tunamjua kwa sifa tu: mwema, mtiifu, mzuri. Hatusikii sauti yake hata mara moja. Wanaokisoma kitabu kwa ajili ya kupona husema wamemlilia Amina. Mimi naona wamelilia sifa zake, maana Amina mtu hawakupewa, wala hawakumtafuta.

Kwa vitabu vya mila nitasema machache. Desturi za Wasuaheli ilitolewa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Ilimbidi angoje tafsiri ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981 ili jina lake litajwe katika jalada. Wapo wanazuoni wanaoendelea kuandika "Velten asema." Wapo na wengine wanaokifanya kitabu kuwa msahafu wa Uswahili: kama harusi ya Lamu au ya Kilwa haikufuata maelezo ya Mtoro, basi watu wa Lamu na Kilwa wamepotoka. Mtoro aliandika habari za Mrima, na aliandika kwa sababu Mjerumani alimwuliza. Mzee mmoja wa Pangani akisema "kwetu hatukufanya hivyo," amefanya kazi ya uhakiki kuliko makala kumi.

Wenzangu wataniambia kwamba hayo ni ya idara ya historia, na sisi ni watu wa lugha. Jibu hilo limetulea uvivu muda mrefu. Mwanahistoria huvisoma vitabu hivi kwa kuchota. Akishapata tarehe yake na jina lake hukifunga, na alichopata hukiandika kwa Kiingereza. Majibu mengi niliyoyasoma juu ya Freretown yameandikwa kwa lugha hiyo. Basi mtu aliyesimuliwa habari za babu yake kwa Kiswahili, akazisadiki kwa Kiswahili, hapati pingamizi wala nyongeza kwa lugha aliyosimuliwa. Nani atampa kama si sisi, tunaodai kuijua lugha hiyo hata mafumbo yake?

Vizazi vya waliokombolewa wangali wanaishi Freretown, na kengele ya misheni ingali imesimama Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwayo. Muhula ujao wanachuo wangu watapewa kitabu cha Mbotela, pamoja na sheria ya mwaka 1907 na habari za viboko, nao watatakiwa waandike majibu yao kwa Kiswahili, kisha wawasomee watu wa pale na kuyanakili watakayoambiwa. Namwomba mhariri wa jarida hili atenge kurasa kwa ajili ya majibu hayo, na kwa ajili ya jibu la yeyote atakayeona kwamba mimi nimemwonea Mbotela.