Mnong'ono na Mtu wa Tatu



Mama zetu, dada zetu na wazee wenzetu, wiki hii tumependa tuzungumze juu ya jambo lisilo na kelele, na pengine ndiyo sababu husahauliwa: kunong'ona. Tumezoea kuonyana juu ya matusi na ukali wa sauti majumbani. Sauti ya chini hatuitilii shaka, ilhali Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ameitaja mara nyingi katika Kitabu Chake na kuiwekea mipaka.

Waarabu huyaita mazungumzo ya siri najwa, na katika asili hiyo hiyo tumepata munajati, yaani mja kumnong'ona Mola wake. Upande wa pili liko neno waswas, ambalo ni sauti ndogo inayorudiwarudiwa. Hata mlio hafifu wa mapambo ya wanawake waliuita hivyo. Katika Suratun Naas, ambayo ni ya 114 na ya mwisho katika msahafu, tumefundishwa kujikinga na mnong'onezaji anayetia maneno vifuani mwa watu. Neno hilo lilipofika kwetu likawa wasiwasi. Kwa Waarabu ni mnong'ono wenyewe. Kwa sisi Waswahili ni kile ambacho mnong'ono hukiacha moyoni.

Tusije tukadhani kwamba kila mnong'ono ni uovu. Mtoto anapozaliwa, tunapenda neno la mwanzo limfikie sikioni kwa upole, nalo ni adhana. Mtu anapokuwa katika sakarati, aliye karibu naye humlakinia shahada polepole, bila ya kumkaza. Bi harusi hukaa faraghani na somo wake akafunzwa yasiyosemwa mbele za watu. Nabii Zakaria, alayhi salaam, alipomwomba Mola wake mtoto naye keshazeeka, Surat Maryam inatueleza kuwa alimwita kwa sauti ya siri. Imepokewa pia kuwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita usiku akamkuta Sayyidna Abubakar akisali kwa sauti ya chini. Alipomuuliza, Abubakar alijibu kuwa Yule aliyekuwa akimnong'ona alikuwa amemsikia. Mtume akamtaka ainue sauti kidogo, naye Sayyidna Umar, aliyekuwa akisoma kwa nguvu, akamtaka aishushe kidogo.

Basi ni lini mnong'ono huwa mbaya? Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Mas'ud, Mtume amekataza kwamba wakiwa watu watatu, wawili wanong'onezane na kumwacha wa tatu, mpaka watakapochanganyika na watu wengine. Akaitaja na sababu: jambo hilo humhuzunisha. Tuizingatie sababu hiyo. Haikuulizwa wawili hao wanasema nini. Huenda wanazungumzia bei ya samaki. Lakini yule wa tatu hajui, na asiyejua hujisemea mwenyewe moyoni: mimi ndiye ninayesemwa, au mimi si wa kuaminiwa. Hapo shetani hana kazi kubwa tena, na ndivyo Suratul Mujadila, katika aya ya 10, inavyotueleza kuwa mnong'ono wa namna hiyo hutoka kwake ili awahuzunishe walioamini.

Masahaba waliichukua amri hii kwa uzito. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abdullahi bin Umar alikuwa na Abdullahi bin Dinar, akaja mtu mwingine kutaka kumnong'oneza jambo. Ibn Umar hakusimama akamvuta mtu yule pembeni. Alimwita mtu wa nne kwanza, ili Ibn Dinar asibaki peke yake, kisha ndipo akawataka wale wawili wasogee kidogo.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Mkaza mwana anaingia jikoni, na mavyaa na wifi wanakatiza maneno. Au hawakatizi, bali wanainamiana na kushusha sauti, naye anasimama na sufuria mkononi asijue aende wapi. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Lakini siku arubaini za namna hiyo zinatosha kumfanya binti wa watu ajione mgeni katika nyumba ya mumewe, na mume hataweza kuufahamu ugomvi ambao haukuwa na neno hata moja la kushikika. Yako mengine yenye sura hiyo hiyo. Mke aliyetoka bara ameketi nasi, nasi tunabadilisha lugha makusudi ili asifuate. Wawili wako kwenye sinia moja na mwenzao, wanaandikiana kwenye simu chini ya meza, kisha wanatazamana na kucheka. Midomo imefungwa, lakini mnong'ono ni ule ule, na wanavyuoni wamelitia suala la lugha asiyoijua wa tatu katika katazo hili hili.

Suratun Nisaa, aya ya 114, imetupa mizani. Mazungumzo mengi ya siri hayana kheri, isipokuwa ya anayehimiza sadaka, au wema, au kusuluhisha baina ya watu. Jirani aliyeishiwa na unga mwezi haujesha, mnong'oneze, usimtangaze kibarazani. Dada uliyemwona amekosea harusini, mngoje mkiwa wawili umnasihi. Wifi zako wamegombana, mwendee kila mmoja kwa siri na umpelekee neno jema la mwenziwe. Minong'ono hii ni ibada, kwa kuwa inamsitiri mtu. Ile mingine inamtenga.

Limebaki la siri na watoto, na hapa tunaomba mama zetu watusikilize vizuri. Mtume, katika maradhi yake ya mwisho, alimnong'oneza binti yake Bibi Fatma, radhiya Llahu anha, wakeze wakiwapo. Akalia. Akamnong'oneza tena, akacheka. Bibi Aisha alimuuliza, naye hakuitoa siri ya babake mpaka alipofariki. Ndipo akaeleza: mara ya kwanza alimwambia kuwa ajali yake imekaribia, na mara ya pili kuwa yeye ndiye wa mwanzo kumfuata katika watu wa nyumba yake. Anas bin Malik naye alikuwa kijana mdogo alipotumwa na Mtume haja ya siri, akachelewa kurudi kwao. Mamake, Ummu Sulaym, alipoambiwa kuwa ni siri, alimuusia asimwambie mtu.

Yuko mtu atakayezichukua habari hizi na kuzigeuza. Atamwinamia mtoto sikioni na kumwambia: hii ni siri yetu, usimwambie mama. Tufahamu tofauti. Ummu Sulaym ndiye aliyempeleka Anas kwa mkono wake mwenyewe amhudumie Mtume. Alijua mwanawe ametumwa na nani, na Mjumbe wa Allah ni mwaminifu wa waaminifu. Siri inayomtia mtoto hofu, inayohusu mwili wake, au inayoletwa pamoja na zawadi na vitisho, hiyo si amana hata kidogo. Kuitoa si khiyana. Mfundisheni mwanenu hivyo kwa maneno ya wazi, mkamwambie kuwa hukumu hii haibadiliki hata kama anayenong'ona ni ami yake, au jirani mpendwa, au mwalimu wake wa chuo. Tunalisema hili sisi tunaofundisha vyuoni, kwa kuwa heshima ya kilemba haiwi pazia la dhulma. Na mtoto akija kwenu na neno la namna hiyo, msimnyamazishe kwa kuogopa aibu ya ukoo. Msikilizeni, mwaminini, na mfikishe jambo linakostahili. Hapa Kenya iko nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure.

Suratul Mujadila, aya ya 7, inatukumbusha kuwa wakinong'ona watatu Mwenyezi Mungu ni wa nne wao, na wakiwa watano Yeye ni wa sita wao. Kwa hivyo hakuna mnong'ono usiokuwa na msikilizaji. Wiki hii, kila tutakapotaka kuinamia sikio la mtu, tutazame kwanza ni nani tumemwacha nje, na lingemfika vipi lau angelisikia.

Mola atujaalie ndimi zenye kusitiri, na awahifadhi watoto wetu na kila mwenye kunong'ona kwa shari. Aamin.

Wabillahi tawfiq.