"Amejitakia" Si Jina la Ugonjwa

Ukipita kwenye mabaraza ya Nguvumali ukauliza habari za kijana aliyezama katika heroini, jibu utakalolipata mara nyingi ni neno moja: amejitakia. Neno hilo halibaki mtaani. Hupanda bodaboda pamoja na mgonjwa hadi kwenye dirisha la dawa, na huko, wakati mwingine, hutamkwa na sisi tuliovaa makoti meupe. Nashikilia kwamba ni hukumu ya kimaadili iliyovishwa vazi la utambuzi wa kitabibu, nayo hudhuru.

Suala lenyewe ni la kale. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alimtaja mtu aliyeugua kwa kuishi ovyo na kutowasikiliza matabibu. Mwanzoni mtu huyo aliweza kujiepusha na maradhi. Sasa hawezi tena, kama vile aliyerusha jiwe asivyoweza kulirudisha mkononi. Hata hivyo, kwa Aristotle, lawama ilibaki palepale, kwa kuwa kurusha kulikuwa kwa hiari. Kuhusu jiwe nakubaliana naye. Kuhusu lawama nina shaka, kwani wengi hulirusha wangali vijana, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20.

Tena mwanasaikolojia Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametuonyesha kwamba, katika ubongo, kutaka na kufurahia ni mambo mawili. Kemikali iitwayo dopamini huhudumia zaidi kule kutaka, na dawa za kulevya huweza kukikuza hata pale starehe ilipokwisha. Wagonjwa wetu hawakuhitaji maabara kulijua hili. Husema unga hauwapi raha tena, ila miguu inawapeleka.

Nisieleweke kwamba ubongo ndio uliotenda, na mtu hakuwapo. Hilo ni tusi jingine, la upole zaidi. Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam: miongoni mwa waliokuwa na uraibu wa heroini huko, takribani 12 tu katika kila 100 walirudia uraibu ndani ya miaka 3. Walibadilishiwa mazingira, na uwezo wa kuchagua ukapata pa kusimama. Kijana wa Nguvumali hana safari kama hiyo. Jioni hurudi kwenye kona ileile, kwa muuzaji yuleyule.

Ndiyo maana naithamini methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na ambayo sasa hupatikana hapa Tanga katika Hospitali ya Bombo. Wapo wanaosema ni kubadili ulevi kwa ulevi. Dozi moja ya kunywa, mbele ya muuguzi, huzuia arosto kwa takribani siku nzima. Mtu akapata saa za kuwaza kazi, watoto na swala, badala ya kuwaza atapata wapi kete. Jiwe la Aristotle halirudi mkononi, lakini mwendo wake hupunguzwa.

Mgonjwa wa kisukari aliyekula vitumbua na chai tamu wiki nzima tunamkaripia kidogo, kisha tunampa insulini. (Baadhi yetu tunamkaripia huku tukinywa chai ileile.) Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina mahakama zake; dirisha la dawa si kizimba.

Na hapa suala la maadili huwa suala la uhai. Mgonjwa aliyetukanwa hukosa kuja kesho, na keshokutwa. Siku zikipita bila dozi, mwili hupoteza uwezo wake wa kuihimili dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani, cha unga au cha methadoni, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo, wewe uliyekosa dozi siku 3 mfululizo au zaidi, rudi, na useme kweli ni siku ngapi na ulitumia nini. Dozi yako itapunguzwa kwanza ili usidhurike, wala si adhabu. Nawe mwenzangu wa upande wa pili wa dirisha, muulize swali hilo kwa sauti ambayo mtu anaweza kuijibu kwa kweli.