Vinu vya pamba Simiyu vishirikiane kumwajiri afisa wa majeruhi

BEI ya pamba ndiyo inayoulizwa kwanza Lingeka na Bariadi kila msimu unapofunguliwa, na ni haki iulizwe kwanza. Mwaka 2020 bei elekezi ilianzia sh. 810 kwa kilo. Mwaka 2022 ikaanzia sh. 1,560. Kati ya tarakimu hizo mbili wapo wakulima walioezeka bati na wapo waliouza ng'ombe. Hata hivyo ipo gharama nyingine katika biashara hii ambayo haibandikwi kwenye ubao wa kituo cha kununulia, nayo ni gharama ya mtu aliyeumia kiwandani na asirudi tena kazini.

Wenye vinu vya kuchambua pamba wameizoea gharama hiyo kiasi cha kutoiona. Mtu akinaswa vidole na mashine hupelekwa hospitali, fomu hujazwa, jina lake hufutwa kwenye zamu, na kesho yake mwingine huchukuliwa getini ambako vijana hawakosekani. Anayeumia hurudi kijijini. Kule anakuta kazi ya kuchuma pamba inayotaka vidole kumi na jembe la kukokotwa na ng'ombe linalotaka mikono miwili yenye nguvu. Nyumba zile zile zinazouza pamba kwa kinu ndizo zinazokipa vibarua, hivyo habari ya nani aliumia na alitendewaje hufika kwenye mizani ya kununulia kabla ya gari la mnunuzi.

Hoja iliyopo hapa ni kwamba vinu vya Bariadi na wilaya jirani za Simiyu vinapaswa kuchangia kumwajiri mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni kuwarudisha majeruhi kazini. Nchi zilizoendelea kiviwanda zimekuwa na watu wa namna hiyo kwa miaka mingi. Katika jimbo la Victoria, Australia, mwajiri anatakiwa na sheria kumteua mratibu wa kurejea kazini. Ujerumani, iliyoanzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, inamtaka mwajiri tangu 2004 amwalike mfanyakazi yeyote aliyeugua zaidi ya wiki 6 katika mwaka ili waangalie pamoja jinsi ya kumrejesha. Wajerumani hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Walipiga hesabu wakaona mtu anayerudi kazini ni nafuu kuliko mtu anayelipwa pensheni nyumbani.

Fidia imepata mwenyewe, kurejea hakuna mwenyewe

Ikumbukwe kuwa Tanzania Bara haiko pale ilipokuwa. Kwa miongo mingi fidia ilitolewa chini ya sheria ya kikoloni, Sura ya 263, ambayo kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilibaki sh. 108,000 hadi fedha hiyo ikawa haitoshi hata matibabu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 iliufuta utaratibu huo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Mfuko unalipia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, unatoa malipo ya mkupuo au pensheni kwa ulemavu wa kudumu, na unawalipa wategemezi mfanyakazi akifariki. Kila mwajiri anatakiwa kujisajili, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na mchango hautolewi katika mshahara wa mfanyakazi.

Sheria hiyo inataja pia huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudie maisha na kazi, pamoja na kufundishwa ufundi mwingine ikibidi. Tatizo liko hapo. Mfuko unaweza kulipia mkono wa bandia na unaweza kulipia mafunzo, lakini hauwezi kuingia ndani ya kinu na kumwambia meneja kwamba fulani, ambaye hawezi tena kubeba lumbesa, anaweza kuandika uzito wa marobota kuanzia Jumatatu, saa nne kwa siku. Hilo ni jambo la kiwandani. Anayepaswa kulisema lazima awe amesimama pale, anaijua kila kazi kwa jina lake, na amezungumza na daktari pamoja na msimamizi wa zamu.

Kwa sasa hakuna anayelisema. Ofisa utumishi, pale alipo, anashughulika na orodha za mishahara. Mhasibu anajaza fomu za WCF akikumbushwa. Daktari anaandika kwamba mgonjwa apewe kazi nyepesi, maneno ambayo kinuni hayana maana kwa kuwa hakuna aliyewahi kuorodhesha kazi nyepesi ni zipi. Meneja anasoma cheti, anaguna, kisha anampa majeruhi mwezi mwingine wa kukaa nyumbani. Miezi mitatu ikipita hivyo, mtu amekwisha kuzoea kuitwa kilema na familia imekwisha kumzoea hivyo.

Hesabu ya fundi mmoja

Wapo watakaosema kibarua ni kibarua, akiondoka mmoja anakuja mwingine. Kwa mpakiaji wa magunia kauli hiyo ina ukweli, ingawa ni ya kikatili. Kwa fundi wa mashine si kweli hata kidogo. Mtu anayepanga visu na rola za mashine ya kuchambulia ndiye anayeamua nyuzi ngapi zitoke katika kila kilo 100 za pamba mbegu. Rola zikipangwa vibaya, nyuzi hubaki kwenye mbegu au hukatika, na daraja la pamba hushuka.

Ichukuliwe kinu kinachochambua tani 1,000 za pamba mbegu, kiasi ambacho si kikubwa. Kikitoa nyuzi asilimia 34 kinapata tani 340. Fundi mzoefu akiwa nyumbani na nafasi yake ikishikwa na anayejifunza, kiwango kikishuka hadi asilimia 33, tani 10 za nyuzi zimepotea. Kwa robota la kilo 181, hayo ni marobota 55. Mwenye hisa kidogo katika kiwanda, au mfanyabiashara aliyekikopesha fedha za kununulia pamba, anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya siku.

Sasa iwekwe gharama ya huyo afisa. Ichukuliwe kwamba mshahara, pikipiki na mafuta vinafika sh. 1,200,000 kwa mwezi, na vinu 5 vinachangia sawa. Kila kimoja kinatoa sh. 240,000 kwa mwezi, sawa na sh. 2,880,000 kwa mwaka. Kwa bei ya kufungulia msimu wa 2022, fedha hiyo ni thamani ya kilo 1,846 za pamba mbegu. Hata kwa bei duni ya 2020 ni kilo kama 3,556. Lori la tani 7 halijai.

Lipo jambo jingine ambalo wenye viwanda hawapendi kukumbushwa. WCF ilipoanza, mwajiri binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara. Julai 2021 kiwango kilishushwa hadi asilimia 0.6, na Julai 2022 hadi asilimia 0.5. Kinu kinacholipa mishahara ya sh. milioni 48 kwa mwezi wakati wa msimu kiliokoa sh. 240,000 kila mwezi wa kazi kutokana na punguzo hilo, fedha ile ile ya mchango wa afisa. Miezi ambayo mashine zimelala hesabu inabana zaidi kwa kuwa mishahara ni michache, na hilo likubaliwe wazi. Ila ni vigumu kusema fedha hazipo.

Aidha Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kinu kinachomwachisha kazi fundi wake aliyepoteza kidole, halafu kikaanza kutafuta mtu mwenye ulemavu wa kuonyesha wakaguzi, kinafanya biashara ya ajabu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira, nazo zinamtaka mwajiri aangalie kwanza kazi mbadala kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kuumia. Mwenye jalada lenye barua za afisa, tarehe za ziara na kazi zilizojaribiwa ana cha kuonyesha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiye na jalada hilo ana maneno matupu.

Awe mtu wa namna gani

Hapa ndipo wengi watakapokosea. Watamchukua shemeji wa meneja mwenye cheti cha kompyuta. Kazi hii inataka mtu aliyewahi kufanya kazi na wagonjwa au na wafanyakazi: muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ofisa wa kazi mstaafu. KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba kwa kazi, ambao wamesomea hasa namna ya kuoanisha mwili uliopungukiwa na kazi iliyopo, na ikiwezekana mmoja wao ashawishiwe aje Bariadi. Moshi hiyo hiyo ndiko viungo bandia vinakofundishwa kutengenezwa, na mtu aliyesoma huko anajua ampigie nani.

Ajue Kisukuma. Si sharti la kupendeza masikio. Mama wa majeruhi ndiye mara nyingi anayeamua kama mwanawe atarudi Bugando kwa kliniki au atabaki kwa mganga wa kuunga mifupa, na mama huyo hashawishiwi kwa Kiswahili cha ofisini.

Awe na macho ya kuona yasiyo ajali pia. Vumbi la pamba huumiza mapafu polepole, na dalili yake ya mwanzo inajulikana tangu zamani: mfanyakazi anabanwa kifua siku ya Jumatatu baada ya kupumzika mwisho wa wiki, kisha nafuu inakuja kadiri wiki inavyosonga. Msimamizi wa zamu humwita mtu huyo mlevi wa Jumapili. Afisa anayejua kazi yake angemhamisha sehemu yenye vumbi dogo na kumpeleka kupimwa kabla ya mapafu kuharibika moja kwa moja.

Kuhusu malipo yake, asilipwe kwa idadi ya mafaili anayoyafunga. Afisa wa namna hiyo atawasukuma watu kazini kabla vidonda havijakauka, na wafanyakazi watamwona jasusi wa tajiri katika wiki ya kwanza. Mshahara uwe wa mwezi, na awajibike kwa kamati yenye mwakilishi wa kila kinu na wa chama cha wafanyakazi. Taarifa za matibabu zibaki kwake. Meneja anahitaji kujua mtu anaweza kusimama kwa saa ngapi na kunyanyua kilo ngapi, hahitaji kujua daktari aliona nini kingine kwenye damu yake.

Wenye vinu wana sababu moja nzuri ya kusita. Wanagombea pamba ile ile na mafundi wale wale, na kila mmoja ataogopa kwamba afisa wa pamoja atahamisha siri, au atampeleka fundi aliyepona kwa jirani anayelipa zaidi. Woga huo si wa bure. Lakini wanaogombea pamba wamekwisha kukubali kununua kwa utaratibu mmoja kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na mkataba wa kurasa mbili unaweza kusema kwamba majeruhi hurejeshwa kwanza kwa mwajiri wake, na huenda kwingine pale tu mwajiri huyo anapoandika kuwa hana nafasi.

Muda wa kumwajiri ni kabla ya Mei, wakati mashine zimefunguliwa kwa matengenezo na mafundi wana nafasi ya kuzungumza. Kazi yake ya kwanza iwe kupita kinu kwa kinu na daftari, kuanzia mizani ya magari, ghala la pamba mbegu, mashine, shindilio la marobota hadi ghala la mbegu, akiandika kila nafasi inataka mkono gani, kunyanyua kiasi gani na kusimama kwa muda gani. Orodha hiyo ndiyo atakayompelekea daktari. Wakati huo huo ahakikishe vibarua wa msimu wameandikwa kwenye orodha za mishahara kwa kiasi wanacholipwa kweli, maana asilimia 70 ya mshahara usioandikwa popote ni shida kuipata.

Inabaki habari ya mwajiri mdogo. Chama cha msingi katika kijiji kama Lingeka kina mpimaji, karani na mlinzi, basi. Kikimpoteza mpimaji aliyeangukiwa na mzigo wa pamba, hakina kitengo chochote cha kumshughulikia. Vyama kama hivyo vinaweza kuingia kupitia chama kikuu cha ushirika cha mkoa kwa mchango mdogo kulingana na idadi ya waajiriwa, na afisa akapita vijijini siku za wiki ambazo vinu havimhitaji. Ajenda hiyo ingetosha robo saa katika mkutano mkuu wa mwaka, ikiwekwa kabla ya mjadala wa bei kuanza, kwa kuwa ukishaanza hakuna kingine kitakachosikika.