Wazee Wetu Wasiachwe Upwekeni

Penye wazee haliharibiki neno. Wakurya wa Tarime na Serengeti wayajua hayo tangu kale, kwani katika ritongo, yaani mkutano wao wa jadi, wazee ndio waliokata mashauri ya watu.

Leo vijana wengi huenda mijini na migodini kutafuta riziki, na mzee hubaki peke yake bomani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kuwa mzee wa miaka 60 asiyejiweza atibiwe bure. Ni neno jema. Lakini dirisha la wazee hospitalini lafaa nini ikiwa nyuma yake hamna dawa? Wala dawa peke yake haitoshi, maana upweke nao ni maradhi.

Zanzibar, tangu mwaka 2016, huwalipa pensheni wazee wake waliotimiza miaka 70. Twashauri Bara nayo ifuate. Tunapoingoja siku hiyo, kila tawi la Tarime na Mugumu liyape mabaraza ya wazee kazi ya kweli: kusuluhisha ugomvi na kuwafundisha watoto historia yao. Nawe, ndugu mfanyakazi, uendapo likizo, keti nao. Awapuuzaye wazee leo akumbuke kuwa uzee wamngoja naye.